Soma Kabla ya Kutia Kidole Gumba



Mwaka juzi, mwezi wa Novemba, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alibaki darasani baada ya kipindi cha mwisho. Alisubiri wenzake watoke, kisha akatoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mwalimu," akasema, "neno hili maana yake nini kwa Kiswahili?"

Karatasi ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, na neno aliloniuliza lilikuwa limerudiwa mara tano katika ukurasa mmoja. Nikamwambia kwamba kwa Kiswahili ni dhamana. Nikamfafanulia: dhamana ni mali anayoitaja mkopaji iwe uthibitisho wa ahadi yake, asipolipa deni, mkopeshaji huichukua mali hiyo. Kijana akaitazama tena karatasi. "Hata cherehani?" akauliza.

Chini ya ukurasa palikuwa na alama ya kidole gumba. Ilikuwa ya mama yake, na ilikuwa imetiwa siku mbili kabla.

Nimeamua kuandika juu ya mikopo midogo kwa sababu ya karatasi ile. Hapa kwetu Kasese, na hasa huko Bwera na Mpondwe karibu na mpaka wa Kongo, ni nyumba chache zisizokuwa na biashara ndogo ya aina fulani. Mmoja hukaanga sumbusa na kabalagala, mwingine hushona sare za shule, wa tatu huuza makaa, nyanya au chumvi ya Katwe barazani. Biashara hizi ndizo zinazolipa karo za wengi wenu. Karibu zote huhitaji mtaji, na mtaji huo mara nyingi hutoka kwa mkopeshaji. Maoni yangu ni haya: mkopo mdogo humsaidia mwenye biashara ya nyumbani pale tu anapouelewa kabla ya kuuchukua, na pale unapofuata mwendo wa biashara yake. Ukikosa mambo hayo mawili, ni afadhali aanze na akiba yake mwenyewe, hata ikiwa ndogo kiasi gani.

Tuanze na maneno, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Kiswahili hutofautisha kuazima na kukopa. Ukiazima jembe la jirani, utamrudishia jembe lile lile. Ukikopa fedha au unga, kile ulichopewa utakitumia kikaisha, nawe utarudisha kingine cha thamani ile. Kwa hiyo anayekopa anaahidi kitu ambacho hana bado. Anategemea kazi yake ya kesho izae cha kulipia. Wahenga waliijua hatari hiyo waliposema: kukopa harusi, kulipa matanga. Hawakusema tusikope. Walitukumbusha tu kwamba siku mbili hizo hazifanani, na kwamba anayecheza ngoma ya kwanza sharti aifikirie ya pili.

Sasa tuichunguze karatasi ile kwa hesabu. Mama wa mwanafunzi wangu alikopa shilingi 500,000. Riba ilikuwa asilimia 20 kwa muda wote wa wiki 16, yaani shilingi 100,000. Jumla ya deni ikawa 600,000, na rejesho la kila wiki likawa 37,500. Hadi hapo hesabu ni nyepesi. Lakini mama hakupokea 500,000. Zilikatwa 20,000 za maombi, 15,000 za bima na 50,000 za akiba ya lazima. Alitoka ofisini na 415,000 mkononi, huku akidaiwa riba ya 500,000.

Jambo la pili ni namna riba yenyewe ilivyopigwa. Ilihesabiwa juu ya mkopo wote tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, ingawa kila wiki deni lilikuwa likipungua. Tuseme riba ingekuwa asilimia 5 kwa kila wiki nne, nayo ihesabiwe juu ya salio lililobaki tu, huku mama akipunguza 125,000 za mkopo kila baada ya wiki nne. Angelipa riba ya 25,000, kisha 18,750, kisha 12,500, na mwisho 6,250. Jumla yake ni 62,500. Asilimia 5 mara nne ni 20, na kwa sikio la mtu asiye na kalamu mikopo hiyo miwili ni mmoja. Tofauti yake ni shilingi 37,500, sawa na rejesho la wiki nzima. Chukueni madaftari mrudie hesabu hii wenyewe. Msiniamini kwa kuwa mimi ni mwalimu.

Jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa zaidi, ni kalenda. Mama yule hushona sare. Alikopa Novemba ili anunue vitambaa, ashone Desemba na Januari, kisha auze shule zinapofunguliwa mwanzoni mwa Februari. Ulikuwa mpango wa mtu mwenye akili. Lakini marejesho yalianza wiki moja tu baada ya kupokea fedha. Kwa wiki saba alilipa 262,500, zaidi ya nusu ya kile alichokuwa amepokea, kabla ya kuuza sare hata moja. Fedha za vitambaa zilirudi zilikotoka. Wiki ya nane alishindwa. Wiki ya kumi, siku chache kabla ya shule kufunguliwa, cherehani ilibebwa kwenye pikipiki. Mwanaye alichelewa kuanza muhula kwa majuma matatu.

Sisemi kwamba mkopeshaji alivunja ahadi. Kila alichokifanya kilikuwa kimeandikwa. Hata hivyo, karatasi ile ilikuwa katika lugha ambayo mama hakuijua, na kidole gumba kilichotiwa hapo kilithibitisha kwamba mama alikuwapo. Hakikuthibitisha kwamba alielewa.

Inafaa mjue fikra hii ya mikopo midogo ilikotoka. Mwaka 1976 mwalimu wa uchumi nchini Bangladesh, Muhammad Yunus, aliwakopesha watu 42 wa kijiji cha Jobra dola 27 kwa jumla. Wengi wao walikuwa mafundi maskini, wakiwamo wanawake waliotengeneza vigoda vya mianzi huku wakinyonywa na wafanyabiashara waliowapa malighafi. Mwaka 1983 juhudi zake zikawa Benki ya Grameen, na mwaka 2006 yeye na benki hiyo wakapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Hapa Uganda hatukuwa nyuma. Shirika la fedha la wanawake lililoanzishwa mwaka 1984 ndilo lililokua likawa benki inayojulikana leo kama Finance Trust. Ulimwengu ukaamini kwamba njia ya kuumaliza umaskini imepatikana.

Baadaye wachumi waliipima imani hiyo. Mwaka 2015 zilichapishwa pamoja tafiti sita kutoka Bosnia na Herzegovina, Ethiopia, India, Meksiko, Mongolia na Moroko. Zilionyesha kwamba mikopo hii huwapa watu uhuru zaidi wa kuchagua, na kwamba baadhi yao hupanua biashara zao. Lakini kwa wastani haikuyabadilisha maisha ya wakopaji kama ilivyotangazwa. Mkopo mdogo ni chombo, kama jembe. Jembe hulima shamba na hukata mguu pia, kutegemea mshikaji na mpini.

Wenzetu wa Tanzania wameibuni istilahi kwa mikopo ya aina mbaya: huiita kausha damu. Hilo si neno la kitabuni. Limetoka vinywani mwa akina mama waliokuwa wakijificha nyumbani siku ya rejesho. Lugha ya wananchi mara nyingi huwahi kutoa hukumu kabla ya mahakama na bunge.

Wapo watakaonipinga, na hoja zao zina uzito. Watasema kwamba kumkopesha mtu shilingi 500,000 kuna gharama. Afisa mikopo hupanda pikipiki kila wiki hadi vilimani, huandika vitabu, na baadhi ya wakopaji humtoroka. Bila riba nono, nani atakuja Bwera? Watasema pia kwamba marejesho ya kila wiki humsaidia mkopaji asizitumie fedha ovyo. Muuza kabalagala, ambaye hupata fedha kila siku, huweza kulipa kila wiki bila taabu. Nakubali. Lakini mshona sare na mkulima wa kahawa hawapati fedha kila siku. Kuwapimia wote kwa kibaba kimoja ni urahisi wa ofisi, na gharama ya urahisi huo huibeba mama mwenye cherehani.

Kuna njia nyingine ambayo mababu zetu waliijua. Katika upatu, kila mmoja hutoa kiasi kile kile, na jumla yake huchukuliwa na mmoja kwa zamu. Wakenya hukutana katika chama, Watanzania katika kikoba, na ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka, huko Kongo, husema likelemba. Maneno ni mengi kwa sababu hitaji ni moja.

Mwaka 1991, huko Maradi nchini Niger, shirika la CARE liliwasaidia wanawake kuuboresha utaratibu wa namna hii, na leo mfano huo umeenea Afrika nzima, pamoja na vijiji vyetu. Wanachama, kwa kawaida watu 15 hadi 30, hununua hisa kila wiki kwa kadiri ya uwezo wao. Fedha huwekwa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu tofauti. Anayekopa hukopa kutoka katika akiba hiyo, hulipa riba waliyokubaliana wote, na mwisho wa mzunguko, baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili, akiba na faida hugawanywa. Riba ya kikundi inaweza kuwa kubwa kama ya nje. Tofauti ni kwamba hurudi mifukoni mwa wanachama wenyewe. Na kwa kuwa masharti hutungwa na watu wanaojuana, kikundi kinaweza kumwambia mshona sare: wewe utalipa Februari.

Nisiwafiche udhaifu wake. Fedha za kikundi ni chache. Viongozi wengine hula mali ya wenzao. Zaidi ya yote, msiba ukiwapata wote kwa pamoja, sanduku haliwezi kuwaokoa wote. Juni 2019 Ebola ilivuka kutoka Kongo ikaingia wilayani kwetu. Machi 2020 mipaka ilifungwa kwa wasafiri kwa sababu ya UVIKO-19. Mei mwaka huo huo Mto Nyamwamba ulifurika, ukabomoa nyumba na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Siku kama hizo kila mwanachama hutaka kukopa, na hakuna anayeweza kulipa. Ndiyo maana bado tunahitaji mtaji kutoka nje ya kijiji. Mpangilio wangu ni huu: akiba itangulie, mkopo wa nje ufuate, nao uje kwa mtu aliyekwisha kujifunza kuhesabu fedha zake.

Serikali nayo imeingia katika uwanja huu. Katika miaka ya 1990 kulikuwa na mpango wa mikopo ulioitwa Entandikwa. Wengi waliuona kama zawadi ya wanasiasa, na fedha nyingi hazikurudi. Tarehe 26 Februari 2022 ulizinduliwa wilayani Kibuku Mpango wa Maendeleo ya Parishi, ambao kwao kila parishi hutengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya hukopeshwa hadi milioni moja kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Linganisheni asilimia 6 kwa mwaka na asilimia 20 kwa wiki 16. Nafasi hii ni adimu. Itaharibika tena iwapo tutauita mkopo huu "pesa za serikali" na kuula kama posho. Raia mwema hulipa kwa sababu jirani yake anasubiri zamu.

Sheria pia zipo, na ni haki yenu kuzijua. Sheria ya mwaka 2016 inayosimamia taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji iliunda mamlaka ya kuwasajili na kuwapa leseni. Asiye na leseni haruhusiwi kufanya biashara hiyo. Sheria hiyo inamkataza mkopeshaji kuchukua kitambulisho cha taifa kuwa dhamana. Mkimwona mtu ameweka rundo la vitambulisho vya wazee wenu katika saraka yake, jueni kwamba anavunja sheria.

Sheria nyingine, ya mwaka 2019, inatambua mali inayohamishika, kama mashine na mifugo, kuwa dhamana halali. Hiyo ni baraka kwa wanawake wetu, kwa sababu wengi wao hawana ardhi yenye majina yao, na zamani benki iliwafungia mlango kwa sababu hiyo. Lakini baraka hiyo ina mtego. Mali inayohamishika ambayo mama anayo mara nyingi ndiyo chombo chake cha kazi. Ukiichukua cherehani ya mshonaji, umemnyang'anya pia uwezo wa kulipa deni lililobaki. Mkopeshaji anayefikiri vizuri ataomba mbuzi kabla ya cherehani.

Tusidhani kwamba hayo yote hayawezekani hapa. Huko Kyarumba, katika vilima vya wilaya yetu, kuna ushirika wa Bukonzo Joint. Ulianza mwaka 1999 kama chama cha kuweka na kukopa, kisha ukaingia katika biashara ya kahawa. Wanachama wake wengi ni wanawake. Jambo linalonivutia zaidi ni namna walivyofundishana: kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, walichora. Mke na mume huchora njia ya kutoka pale walipo hadi pale wanapotaka kufika, na huchora pia ni nani anayefanya kazi gani nyumbani na ni nani anayetumia fedha. Michoro hiyo imefanya kazi ambayo mkataba wa kurasa sita haukuweza kuifanya. Mwanachama huiona safari ya fedha zake kwa macho yake kabla ya kukopa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, mkataba wa mkopo usomwe kwa sauti, katika lugha anayoielewa mkopaji, mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe. Ikiwa ni Lhukonzo, iwe Lhukonzo. Ikiwa ni Kiswahili, lugha ambayo wafanyabiashara wa pande zote mbili za mpaka huitumia kila siku ya soko, iwe Kiswahili. Pili, siku za marejesho zipangwe kwa kufuata msimu wa biashara. Tatu, chombo cha kazi kiwe dhamana ya mwisho kabisa.

Nanyi wanafunzi mna sehemu yenu. Mtaala wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umeweka Kiswahili na ujasiriamali miongoni mwa masomo ya lazima katika vidato viwili vya kwanza. Katika nyumba nyingi za hapa, mtu wa kwanza kusoma mkataba wa kisheria ni mtoto wa miaka kumi na mitano. Msiidharau nafasi hiyo. Tunapojifunza ngeli na nyakati, tunajifunza pia kutofautisha "atalipa" na "angelipa", na katika mkataba tofauti hiyo huweza kuwa cherehani.

Kazi ya juma hili ni hii. Waulize wazazi au walezi wako, kwa adabu, kama kuna karatasi ya mkopo nyumbani. Kama ipo, isome, kisha uandike kwa Kiswahili majibu ya maswali manne: Ni fedha ngapi zilizopokelewa mkononi? Ni ngapi zitakazolipwa kwa jumla? Malipo ya kwanza ni lini, na mauzo ya kwanza ni lini? Ni mali gani iliyotajwa kuwa dhamana? Usiniletee majina wala karatasi yenyewe; siri ya nyumba ni ya nyumba. Niletee maelezo na hesabu tu.

Mama wa mwanafunzi wangu sasa yumo katika kikundi cha wanawake kumi na tisa. Hapo zamani alikiona kikundi hicho kuwa cha watu wasio na haraka ya maendeleo. Kwa miezi minane alishona kwa cherehani ya kukodi huku akinunua hisa mbili mbili kila wiki. Kisha alikopa kutoka katika sanduku, akanunua cherehani kuukuu inayolia kila akikanyaga. Masharti ya mkopo huo yaliandikwa na mwanaye, katika ukurasa mmoja wa daftari la shule, kwa Kiswahili. Aliyasomea kikundi chote mara mbili, na mahali ambapo mama yake alipaswa kutia kidole gumba, mama aliomba kalamu, akaandika jina lake taratibu.